Kanzidata Inapokokota: kupima, kurudufisha na kuchagua seva kwa mazingira ya Mwanza

Mfumo wa mauzo ukianza kukokota, swali la kwanza ofisini huwa "tununue seva gani?" Swali hilo liwe la mwisho. Kanzidata iliyozidiwa huwa na ugonjwa mmoja kati ya michache: kwiri (swali ambalo programu huiuliza kanzidata) inayosoma jedwali zima ili kupata mistari kumi, RAM iliyoachwa kwenye kiwango cha kiwandani, diski isiyomaliza kuandika kwa wakati, au betri ya kidhibiti cha RAID (kifaa kinachounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) iliyokufa bila mtu kujua. Mashine mpya yenye viini 32 haitibu hata mmoja kati ya hiyo, na fedha ikishatoka hairudi.

Maelezo haya ni ya programu ya kanzidata ya MySQL, matoleo 8.0 na 8.4, juu ya Linux. Anayetumia MariaDB atakuta majina kadhaa yamebadilika, lakini mantiki ni ile ile.

## Pima siku ya mzigo

Mwanza mzigo wa kanzidata haufuati mwisho wa mwezi wa kalenda peke yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazifanyi kazi yake mbalamwezi inapong'aa. Siku za giza mitumbwi inarudi imejaa. Siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mfumo wa mapokezi pale Mwaloni, Kirumba, utaonja mzigo wa kweli alfajiri za giza, watu wanapopima, kulipa na kuchapa risiti kwa pamoja. Ukipima mchana wa mbalamwezi utaona seva ina afya njema na utarudi nyumbani ukiwa umedanganyika. Kwa duka la vifaa Makoroboi au zahanati ya Igoma saa ya mzigo ni nyingine. Muulize anayekaa kaunta. Yeye ndiye anayeijua.

Sakinisha `sysstat`, programu ya kurekodi mwenendo wa mashine, na uiache ikusanye takwimu kwa mwezi mwandamo mzima. Kwenye Debian na Ubuntu huhifadhi siku 7 tu, kwa hiyo badilisha `HISTORY` kwenye faili lake la mpangilio iwe 35. Hapo utaweza kulinganisha alfajiri ya giza na alfajiri ya mbalamwezi kwa namba, badala ya kubishana kwa hisia.

Siku ya mzigo ikifika, fungua madirisha matatu:

```
vmstat 1
iostat -x 1
mysql -e "SHOW FULL PROCESSLIST"
```

Kwenye `vmstat`, safu ya `wa` ikiwa juu, prosesa inasubiri diski. `us` ikiwa juu na `wa` iko chini, kuna kwiri inayochambua mistari mingi iliyomo tayari kwenye RAM, na karibu kila mara dawa yake ni faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoielekeza kanzidata kwenye mistari bila kusoma jedwali zima. `si` na `so` zikitembea mfululizo, RAM imegawiwa kupita uwezo na mashine inahamishia kurasa kwenye diski. Hilo litibu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye `iostat` angalia `r_await` na `w_await`, ambazo ni milisekunde. Diski ya kuzunguka kuonyesha 10 ni kawaida yake. SSD (diski isiyozunguka) ikionyesha 20 ina tatizo. Usiogope `%util` ya 100 kwenye SSD, kwa kuwa SSD hushughulikia maombi mengi kwa pamoja na asilimia hiyo haikuambii kama imefika kikomo.

Kwenye orodha ya michakato, mistari mingi yenye `Waiting for table metadata lock` ina maana kuna muamala (kundi la mabadiliko yanayokamilika au kufutwa kwa pamoja) ulioachwa wazi, na mtu anajaribu kubadilisha umbo la jedwali nyuma yake. Mtafute mwenye muamala mkongwe:

```
SELECT trx_mysql_thread_id, trx_started
FROM information_schema.innodb_trx ORDER BY trx_started LIMIT 5;
```

Mamia ya `Sleep` yanaonyesha programu inayofungua miunganisho bila kuifunga. Chaguo-msingi la `max_connections` ni 151, na wengi wakiona "Too many connections" hupandisha hadi 2000. Kufanya hivyo kunaahirisha kuanguka na kukuza kishindo chake, kwa sababu kila muunganisho unaofanya kazi unachukua kumbukumbu yake wenyewe. Rekebisha programu.

## Kwiri zinazokula muda

Washa logi ya kwiri za polepole:

```
SET GLOBAL slow_query_log = ON;
SET GLOBAL long_query_time = 0.5;
```

Chaguo-msingi la `long_query_time` ni sekunde 10, kiwango ambacho hakimsaidii mtu yeyote. Kumbuka kwamba thamani ya GLOBAL huwahusu wanaounganika baada ya hapo. Programu inayoshikilia miunganisho ya kudumu itaendelea na kiwango cha zamani mpaka uiwashe upya, na ndiyo sababu watu hukuta logi tupu wakadhani mambo ni shwari.

Baada ya saa za mzigo, panga kwa jumla ya muda:

```
mysqldumpslow -s t -t 10 /njia/ya/logi-slow.log
```

Tazama jumla. Ripoti ya sekunde 90 inayoendeshwa mara moja usiku inaonekana mbaya lakini haimcheleweshi mteja. Kwiri ya sekunde 0.6 inayoitwa mara 4,000 imekula dakika 40 za seva, tena saa zile zile watu wako kwenye foleni.

Tuichukue moja na kuitazama kwa karibu. Jedwali la `mapokezi` lina mistari karibu milioni tatu, na skrini ya mpokeaji inauliza:

```
SELECT SUM(kilo) FROM mapokezi
WHERE DATE(muda) = '2025-11-20' AND simu = 0700000000;
```

Weka `EXPLAIN` mbele yake, amri inayoonyesha jinsi MySQL itakavyotafuta jibu. Utaona `type: ALL`, `key: NULL`, na `rows` karibu na milioni tatu, hata kama faharasa ya `simu` na ya `muda` zote zipo. Kuna makosa mawili. La kwanza, `DATE(muda)` inalazimisha kila mstari upigwe hesabu kabla ya kulinganishwa, hivyo faharasa ya `muda` haina kazi. La pili linajificha zaidi: `simu` imehifadhiwa kama VARCHAR, yaani maandishi, lakini kwiri imeleta namba isiyo na alama za kunukuu. MySQL inageuza kila simu kuwa namba ndipo ilinganishe, na faharasa inawekwa kando. Juu ya hapo, sifuri ya mwanzo imepotea, kwa hiyo '0700000000' na '700000000' zitahesabiwa kuwa mvuvi mmoja. Hapo polepole imeshakuwa hesabu mbaya ya fedha ya mtu.

Iandike hivi:

```
SELECT SUM(kilo) FROM mapokezi
WHERE simu = '0700000000'
  AND muda >= '2025-11-20' AND muda < '2025-11-21';

CREATE INDEX ix_simu_muda_kilo ON mapokezi (simu, muda, kilo);
```

Mpangilio wa safu ndani ya faharasa una maana. Inayolinganishwa kwa usawa itangulie, ya kuanzia-hadi ifuate. `kilo` imewekwa mwisho ili jibu litoke kwenye faharasa yenyewe bila kugusa jedwali. `EXPLAIN` itakuonyesha `Using index`, na `rows` itashuka hadi idadi ya mapokezi ya mvuvi huyo siku hiyo.

Usitengeneze faharasa hiyo saa za kazi bila tahadhari. Wakati inajengwa watu wanaweza kuendelea kuandika, lakini mwanzoni na mwishoni inahitaji kufuli fupi. Kukiwa na muamala uliosahauliwa wazi, itasubiri, na kila anayekuja atapanga foleni nyuma yake. Chaguo-msingi la kusubiri ni sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Anza na `SET SESSION lock_wait_timeout = 5;` ili ikishindwa ishindwe haraka nawe ujaribu tena.

Faharasa nazo zina gharama, maana kila moja huandikwa upya kila mstari unapoingia. Jedwali lenye faharasa kumi na moja litachelewa kupokea. `sys.schema_unused_indexes` hukuonyesha zisizotumika tangu seva iwake, kwa hiyo usiiamini siku mbili baada ya kuwasha upya. Subiri ripoti za mwisho wa mwezi zipite, ifiche faharasa kwa `ALTER TABLE ... ALTER INDEX ... INVISIBLE`, kaa wiki mbili, ndipo uifute.

## RAM

`innodb_buffer_pool_size`, yaani RAM ambamo MySQL huweka data inayotumika, huja ikiwa MB 128. Kwenye mashine ya GB 16 inayofanya kazi ya kanzidata tu, weka GB 10 au 11. Ikishirikiana na Apache na PHP, GB 6 inatosha; ukizidisha utaona `si` na `so` zikianza. Pima kwa kuchukua thamani hii mara mbili, dakika kumi zikipita katikati:

```
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_reads';
```

Tofauti gawa kwa 600. Ukipata usomaji wa diski 5 kwa sekunde, RAM uliyonayo inakutosha na kuongeza hakutakupa kitu. Ukipata 800 huku `r_await` ikipanda, na kwiri umeshazirekebisha, hapo RAM ndiyo ununuzi wa kwanza.

```
innodb_buffer_pool_size  = 10G
innodb_redo_log_capacity = 2G
innodb_flush_method      = O_DIRECT
innodb_io_capacity       = 1000
```

`innodb_redo_log_capacity`, ukubwa wa logi inayopokea mabadiliko kabla hayajaandikwa kwenye majedwali, iliyoanza na 8.0.30, huja na MB 100. Kwa uandishi mwingi hujaa haraka, na dalili yake ni mfumo kuganda sekunde chache, kuachia, kisha kuganda tena. Kuhusu `innodb_io_capacity`, inayoiambia MySQL kasi ya diski, chaguo-msingi la 8.0 ni 200 na la 8.4 ni 10000. Hiyo ya pili ni ya NVMe (SSD za kasi zaidi) nzuri. Kwa SSD ya SATA anza na 1000, kwa diski ya kuzunguka rudi 200.

## Diski na ukweli wake

Hapa ndipo kanzidata nyingi hufia, kwa hiyo soma taratibu.

Muamala ukikamilika, MySQL huiambia diski iandike na isijibu mpaka data imekaa mahali salama. Wito huo ni `fsync`. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mwandishi mmoja anayesubiri kila wito hawezi kuvuka takriban 120 kwa sekunde. Ukiipima diski ya namna hiyo, isiyo na kidhibiti chenye betri, ikajibu mara 2,000, jua inajibu "tayari" wakati data bado iko kwenye kache yake. Umeme ukikatika, alichoahidiwa mteja kimepotea.

Pima kabla ya kuweka data:

```
fio --name=jaribio --directory=/var/lib/jaribio --rw=write \
    --ioengine=sync --bs=4k --size=200m --fdatasync=1
```

Soma sehemu ya `fsync/fdatasync`, asilimia ya 99. SSD yenye kapasita za kulinda umeme hujibu ndani ya mikrosekunde makumi, kwa sababu hata umeme ukikatika kapasita hizo zinaipa nafasi ya kumalizia kuandika. SSD ya kawaida ya kompyuta ya mezani haina kapasita; ikiwa mkweli hutumia milisekunde moja au zaidi kwa kila wito, na ikijaa huweza kupanda sana. Maandishi ya dukani ya "MB 550 kwa sekunde" hayakuambii lolote kuhusu jambo hili. Uliza kama ina ulinzi wa kukatika umeme, na uisome karatasi ya sifa za mtengenezaji mwenyewe.

Wengine hukwepa kwa kuweka `innodb_flush_log_at_trx_commit = 2`. Kasi itapanda kweli. Lakini mashine ikizimika ghafla unaweza kupoteza takriban sekunde moja ya miamala, na seva rudufu (inayonakili mfululizo data ya seva kuu, seva mama) inaweza kubaki na malipo ambayo seva mama haiyajui tena. Kwa mfumo unaoshika fedha za watu, acha hiyo iwe 1 na `sync_binlog` iwe 1. MariaDB huja na `sync_binlog` ya 0, kwa hiyo huko uiandike mwenyewe.

Sasa betri ya kidhibiti. Seva nyingi za mtumba huja na kidhibiti cha RAID chenye kache inayolindwa na betri. Betri ikifa, kidhibiti kinaacha kutumia kache kwa kuandika, na mfumo uliokuwa mwepesi jana leo unakokota bila mtu kugusa kitu. Kwa vidhibiti vya familia ya MegaRAID:

```
storcli64 /c0/vall show
storcli64 /c0/bbu show
storcli64 /c0/cv show
```

Kwenye safu ya Cache, `RWBD` ina maana kache ya kuandika inafanya kazi. `RWTD` ina maana imezimwa. Kuna njia ya kuilazimisha iwake hata bila betri. Usiifanye. Badilisha betri.

Kuhusu RAID yenyewe: andiko dogo kwenye RAID 5 ni kazi nne za diski, yaani kusoma data ya zamani, kusoma pariti (data ya ukaguzi), kuandika data, kuandika pariti. RAID 1 na 10 ni mbili. Kanzidata iwe kwenye RAID 1 au 10. Kila wiki pitia `smartctl -a`: `Reallocated_Sector_Ct` ikianza kupanda agiza diski, na `UDMA_CRC_Error_Count` ikipanda badilisha kebo kwanza.

## Seva rudufu

Seva rudufu hukusaidia mama akianguka, na hubeba ripoti nzito. Haichukui nafasi ya nakala ya akiba: `DROP TABLE` iliyofanywa kwa bahati mbaya Nyamagana itafika kwenye seva rudufu ndani ya sekunde moja. Nakala ya akiba ya kila usiku iendelee, na ihifadhiwe jengo jingine.

Kwa seva mama:

```
server_id = 1
gtid_mode = ON
enforce_gtid_consistency = ON
binlog_expire_logs_seconds = 1209600
```

Hiyo ni siku 14 za kuhifadhi binlogi, yaani kumbukumbu za kila badiliko ambazo seva rudufu huzisoma. Binlogi za GB 3 kwa siku zitataka GB 42 za diski. Hesabu kabla, maana diski ikijaa binlogi seva mama inasimama. Seva rudufu iwe na `server_id = 2`, na mistari ile ile ya GTID (namba ya pekee ya kila muamala). Kisha kwa mama:

```
CREATE USER 'rudufu'@'10.8.0.2' IDENTIFIED BY '...' REQUIRE SSL;
GRANT REPLICATION SLAVE ON *.* TO 'rudufu'@'10.8.0.2';

mysqldump --all-databases --single-transaction \
  --routines --triggers --events > mama.sql
```

`--single-transaction` inalinda majedwali ya InnoDB tu, aina ya kawaida ya hifadhi ya MySQL. Ukiwa na ya MyISAM, aina ya zamani, yabadilishe kwanza.

Kama seva rudufu iko Nansio, Ukerewe, na njia ya mtandao ni megabiti 4 kwa sekunde, faili la GB 40 litachukua saa 22 bila kukatika hata mara moja. Liweke kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nenosiri, lipande meli, litafika siku hiyo hiyo. Pengo la katikati seva rudufu italisoma yenyewe kutoka kwenye binlogi, ilimradi siku 14 hazijapita. Ukishalipakia:

```
CHANGE REPLICATION SOURCE TO SOURCE_HOST='10.8.0.1',
  SOURCE_USER='rudufu', SOURCE_PASSWORD='...',
  SOURCE_SSL=1, SOURCE_AUTO_POSITION=1;
START REPLICA;
SET PERSIST super_read_only = ON;
```

Mstari wa mwisho usiusahau. Makosa mengi ya 1062, mstari uliokwishakuwepo, na 1032, mstari usioonekana, hutokana na mtu aliyeingia kwenye seva rudufu "kurekebisha kidogo tu". Hata root azuiwe. Kosa likitokea usiliruke ili taa zirudi kijani. Tafuta muamala husika, elewa, na kama huelewi jenga rudufu upya. Rudufu inayotembea huku ina hesabu tofauti ni mbaya kuliko iliyosimama. Ukiona 1236 ikilalamika kwamba binlogi zimeshafutwa, hakuna cha kuokoa, anza upya na uongeze siku.

Rudufu ikichelewa, jua kwanza inachelewa wapi. Kwenye `SHOW REPLICA STATUS`, linganisha `Retrieved_Gtid_Set` na `Executed_Gtid_Set`. Ya kwanza ikiwa mbele sana, data imefika lakini utekelezaji unasuasua. Zikiwa sawa lakini zote ziko nyuma ya mama, tatizo ni mtandao. Usitegemee `Seconds_Behind_Source` peke yake. Hupima dhidi ya kilichokwisha kupokelewa, hivyo mtandao ukiwa umekwama inaweza kusoma 0 huku rudufu iko nyuma saa nzima. Tengeneza jedwali dogo kwenye mama linaloandikwa saa ya sasa kila sekunde, lisome upande wa pili, na saa za mashine zote mbili ziende na `chrony`, programu ya kulandanisha saa.

Utekelezaji unaosuasua una sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni jedwali lisilo na ufunguo msingi: kufuta mistari elfu kumi kwenye mama kunakuwa upekuzi mzito wa jedwali zima kwenye rudufu. Weka `sql_require_primary_key = ON` ili yasizaliwe mengine. Ya pili ni muamala mmoja mkubwa. Badala ya kufuta milioni mbili kwa amri moja, futa 5,000 kwa `LIMIT`, kamilisha, rudia. Vivyo hivyo ile `CREATE INDEX` ya dakika 12 kwenye mama itaanza kwenye rudufu baada ya kumalizika kwa mama, na itaichelewesha dakika kama hizo tena. Mtandao mwembamba husaidiwa na `binlog_transaction_compression = ON`, inayopatikana tangu 8.0.20.

Wenye rudufu Dar es Salaam huvutiwa na urudufishaji wa kusubiri kiasi, ambapo mama hasemi "tayari" mpaka rudufu ikiri kupokea. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde, na Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 10 kabla ya vifaa vya njiani kuongeza vyao. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kikomo cha kusubiri cha milisekunde 10,000. Njia ikikatika, mpokeaji wa Kirumba ataganda sekunde 10 ndipo mama akate tamaa na kuendelea peke yake. Shusha kikomo hadi 1000, au weka rudufu ya kusubiriwa jengo la jirani na ya Dar iende bila kusubiriwa. Sisi tunapendelea hilo la pili.

## Umeme, radi na wadudu wa ziwani

VA za UPS (betri ya akiba inayoshika seva umeme ukikatika) si wati. Ya VA 1,500 yenye kipeo cha nguvu cha 0.6 hubeba wati 900. Betri mbili za volti 12, Ah 9, ni Wh 216 kwenye karatasi, lakini zikinyonywa haraka hutoa kama nusu. Kwa seva na swichi za wati 250, tarajia dakika 20 hadi 25 zikiwa mpya. Joto huziua: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu. Ukiwa na jenereta, nunua UPS ya aina ya online. Za bei ndogo hukataa umeme wa jenereta ambao masafa yake yanapanda na kushuka, zikaendelea kula betri jenereta ikinguruma nje.

UPS isiyounganishwa na seva kwa kebo ya USB imefanya nusu ya kazi. Sakinisha NUT, programu inayozungumza na UPS, iagize izime seva dakika tano baada ya umeme kukatika. Buffer pool kubwa huwa na kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa, na kuzima kunaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo hati ya kuzima ianze na `SET GLOBAL innodb_max_dirty_pages_pct = 0;` na isubiri `Innodb_buffer_pool_pages_dirty` ishuke.

Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Kati ya jengo na jengo tumia faiba, kwa kuwa kebo ya shaba hupeleka radi ya ghala moja kwa moja kwenye seva ya ofisi. Nondo ya ardhi ikaguliwe kabla ya vuli na kabla ya masika.

Wadudu wa ziwani, wale wanaotanda juu ya maji kama moshi, hufuata taa za usiku na kuishia kwenye feni. Wakikauka huchanganyika na vumbi, wanaziba mapezi ya kupozea, na prosesa inajishusha kasi yenyewe. `sensors` ikionyesha nyuzi zaidi ya 85 wakati mzigo ni ule ule wa zamani, fungua sanduku. Chumba cha seva kisiwe na taa ya usiku karibu na dirisha, kichujio cha hewa kikaguliwe kila wiki, na unapopuliza vumbi ishike feni isizunguke.

## Ununuzi

Sasa mashine. Kwiri moja ya MySQL, karibu mara zote, hutumia kiini kimoja, kwa hiyo viini 8 vyenye kasi vinashinda 32 vya polepole. Kwa biashara yenye GB 50 za data na watumiaji makumi kadhaa: viini 8, RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake yenyewe) GB 32, SSD mbili za GB 960 zenye ulinzi wa kukatika umeme katika RAID 1, na pawasaplai mbili. Fedha ikipungua, punguza viini, kisha RAM. SSD na UPS usiziguse.

Seva ya mtumba inafaa, ila kabla ya kulipa tazama betri ya kidhibiti, `Percentage Used` ya SSD kwa `smartctl`, na wati inazokula, maana ya zamani huweza kula 200 hata ikiwa imekaa bure. Nunua mbili zinazofanana, moja iwe rudufu, na vipuri viingiliane.

Kabla ya kuikabidhi, fanya jaribio moja siku isiyo na wateja. Endesha uandishi mfululizo unaochapa namba ya kila muamala uliokubaliwa kwenye mashine nyingine, kisha chomoa nyaya zote za umeme nyuma ya seva, si za UPS. Iwashe. Linganisha namba ya mwisho iliyochapwa na ya mwisho iliyomo kwenye jedwali. Ya jedwali ikiwa ndogo, hata kwa mmoja, rudisha diski kwa muuzaji. Rudia mara tano.